Milimita nne: kuivalisha baiskeli ya zamani gurudumu jipya la nyuma

Kama una baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1980, ile ya chuma yenye mabomba membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, iko siku gurudumu lake la nyuma litakufa. Utatafuta lingine, jipya, zuri, la bei unayoiweza, na ukifika nyumbani utakuta haliingii. Fremu yako ina nafasi ya milimita 126 kati ya ile midomo miwili inayoshika ekseli. Gurudumu lina milimita 130.

Milimita nne! Hata unene wa penseli haufiki. Sasa ulazimishe au uache?

Jibu fupi: kama fremu ni ya chuma, lazimisha, ila kwa akili. Kama ni ya aluminiamu au kaboni, acha. Jibu refu ndilo lenye utamu, kwa sababu hesabu yake ni ya fizikia ya kidato cha sita tu, na inakuambia kwa usahihi wa kushangaza nini kitatokea mikononi mwako kabla hujagusa kitu.

Mimi nililazimika kuijifunza. Baiskeli yangu niliinunua kwenye mtumba, ilikuja na kontena kutoka Japani, gia sita nyuma. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa barabara ya Bagamoyo, nimeshapita Bunju, nikasikia ringi inakwaruza breki upande mmoja. Nikadhani spoku imelegea. Nikalegeza breki, nikageuza, nikarudi mjini karibu kilomita 20, tena kwa mwendo wa kawaida tu. Nikampelekea fundi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hebu ilete.” Akashika gurudumu, akalitikisa mara moja. “Dogo, hii ekseli imekatika. Wewe unaendesha kwa dua.”

Alipoichomoa ilitoka vipande viwili. Kilichokuwa kinashikilia gurudumu muda wote ule ni ile fimbo nyembamba ya kifungo cha leva inayopita ndani ya ekseli. Ilikuwa ekseli ya tatu ndani ya mwaka na nusu, na zote zilikatikia upande uleule wa kulia. Fundi akasema tatizo siyo ekseli, tatizo ni friwili. Nilimbishia. Baadaye nilikaa na karatasi, nikaona mzee yuko sawa kabisa.

Kwa nini ekseli hukatikia kulia

Kwenye gurudumu la zamani, zile gia za nyuma zimo ndani ya kitu kimoja kinachofungwa kwa skrubu kwenye habu. Hicho ndicho friwili. Gololi zinazobeba uzito wako ziko ndani ya habu, na friwili imekaa nje yake. Matokeo yake, upande wa kulia ekseli inatoka kwenye gololi, inapita hewani sentimita tatu na zaidi bila kushikwa na chochote, ndipo inaufikia mdomo wa fremu.

Sasa angalia nguvu. Tuseme una kilo 70 na umesimama juu ya pedali moja ukipanda mlima. Mkono wa pedali una urefu wa milimita 170. Gia ya mbele ya meno 42 ina nusu kipenyo cha milimita 85 hivi (meno 42 mara milimita 12.7 za kila pingili ya cheni, gawanya kwa 2π). 85 ni nusu ya 170, kwa hiyo cheni inavutwa kwa nguvu mara mbili ya uzito wako. Ni kama mtu amening'iniza kilo 140 kwenye cheni, na cheni yote iko kulia. Ongeza mashimo ya barabarani. Nguvu yote hiyo inaikunja ekseli yenye kipenyo cha milimita 10, yenye tundu katikati, na iliyochongwa hesi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tundu lenyewe si tatizo, ingawa wengi hulilaumu. Tundu la milimita 5 ndani ya ekseli ya 10 linapunguza uimara wa kukunjwa kwa (5/10)⁴, yaani sehemu moja kati ya 16. Kidogo sana. Wabaya ni wawili: ule urefu unaoning'inia hewani, na mifereji ya hesi ambamo ufa hupenda kuanzia.

Shimano walileta sokoni mwaka 1978 habu ya aina nyingine: ule utaratibu unaolia tik-tik-tik ukawa sehemu ya habu yenyewe, gia zikawa kaseti inayovalishwa juu yake, na gololi za kulia zikahamia mwisho kabisa, karibu na fremu. Sentimita tatu na kitu zikawa kama moja. Nguvu ni ileile, lakini mkono unaoikunja ekseli ni kama theluthi ya ule wa mwanzo. Watengenezaji wengine leo wanapanga gololi kwa namna tofauti lakini wanaweka ekseli nene zaidi, na uimara wa kukunjwa unapanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, kwa hiyo nao wanafika kulekule.

Kwa hiyo gurudumu jipya si mapambo. Kama uzito wako si wa mtoto na barabara zako ni hizi zetu, ni suala la kutoanguka. Ila lina hiyo milimita nne ya ziada.

Ilitoka wapi? Gia zilipoongezeka, nafasi nayo ikaongezeka. Baiskeli za mashindano zenye gia tano nyuma zilikuwa na milimita 120. Gia sita na saba zikaja na 126. Gia nane zilipoingia, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, ikawa 130, na hapo ikatulia hadi gia 11. Baiskeli mpya zenye breki za diski ni habari nyingine: 142, na ekseli nene ya milimita 12 inayopenya tundu lililofungwa pande zote. Gurudumu la namna hiyo haliingii kwenye fremu yako kwa njia yoyote ya maana, kwa hiyo muuzaji akikuambia “hii ndiyo ya kisasa”, mwulize kwanza kama ringi ina ukuta wa breki. Na pima mwenyewe. Toa gurudumu, pima kati ya nyuso za ndani za midomo ya fremu. Halafu kwenye gurudumu pima kutoka uso wa nje wa nati ya kufungia hadi uso wa nje wa ile nyingine. Rula inatosha, kalipa ya vernia ni bora.

Chuma kinavutika kiasi gani?

Chukua bomba moja la nyuma, lile la chini linalokwenda sambamba na cheni. Bomba halisi lina umbo gumu, nene mbele na jembamba nyuma, lakini tulirahisishe: kipenyo cha milimita 17, unene wa ukuta 0.8, urefu 400, limeshikwa mwisho mmoja kama ubao wa kurukia majini. Tunataka ncha isogee milimita 2, kwa sababu nne zinagawanywa pande mbili.

Kanuni ni hii: nguvu = 3 × E × I × msogeo ÷ urefu³. E ya chuma ni kama newtoni 200,000 kwa milimita ya mraba. I ya bomba hili, ile namba inayoeleza jinsi umbo linavyokataa kukunjwa, ni kama 1,335. Ukizidisha na kugawanya unapata newtoni 25. Kilo mbili na nusu za sukari! Fremu halisi ni ngumu zaidi ya hapo, kwa sababu kuna mabomba ya juu na vile vipande vya kuunganisha katikati, lakini bado ni kazi ya dole gumba.

Muhimu zaidi ni mkazo ndani ya chuma. Pale bomba liliposhikwa unatoka kama newtoni 64 kwa milimita ya mraba. Chuma cha kawaida kabisa, cha baiskeli ya bei rahisi, kinavumilia kama 250 kabla hakijabadilika umbo moja kwa moja. Bomba zuri, mfano Reynolds 531 au zile za Columbus ambazo utaona stika zake kwenye fremu nyingi za miaka hiyo, linavuka 500. Hata ukizidisha 64 mara mbili kwa sababu ya urahisishaji wangu, bado uko mbali na hatari. Chuma kinanyumbuka na kurudi, kama rula ya plastiki ukiibonyeza kidogo pembeni mwa meza.

Maana yake kwa mikono: kwa chuma, kutoka 126 hadi 130, unaweza kuitanua tu midomo kwa mikono, ukaingiza gurudumu, ukafunga. Wengi wanaishi hivyo miaka. Kero yake ni siku ya pancha. Uko kando ya barabara, jua kali, unahitaji mkono mmoja wa kushika fremu, mmoja wa kutanua, na wa tatu wa kuingiza gurudumu kwenye cheni. Mikono unayo miwili.

Ndiyo maana watu hupenda kuikunja fremu moja kwa moja ibaki 130. Na hapa ndipo hesabu ileile inapokuonya. Kama milimita 2 zinaleta mkazo wa 64, basi chuma cha 250 kitaanza kubadilika umbo ukikisogeza kama milimita 8 kila upande, na chuma cha 500 kama milimita 16. Kabla ya hapo unapoteza nguvu zako bure, kitarudi kilikotoka. Baada ya hapo kinakuwa laini ghafla na kinakwenda kwa haraka kuliko unavyotarajia. Mtu asiyejua hili huongeza nguvu kidogo kidogo, haoni badiliko, anapandwa hasira, anavuta kwa nguvu zote, na fremu inaishia 138.

Mimi na mzee tuliilaza fremu kwa ubavu, tukapitisha ubao mrefu katikati, ukaegemea bomba la kiti, tukausukuma upande mmoja kwa wakati. Mmoja anasukuma, mwingine ana rula. Upande wa kulia: tukatanua hadi upana wote ukasoma 140, tukaachia, ikarudi 126. Tukafika 143, ikarudi 126 na nusu. Tulipofika 147 ikarudi 128. Hapohapo tukasimama, tukahamia kushoto. Ukiangalia, badiliko lilianza tuliposogeza upande mmoja kama milimita 17. Karatasi yangu ilisema 16. Nakiri nilifurahi kuliko siku niliyomaliza maabara ya mwaka wa pili.

Kwa nini upande mmoja mmoja? Kuna watu hutumia fimbo ndefu ya hesi na nati mbili, wanaiweka kati ya midomo na kuzungusha spana ikasukuma pande zote mbili pamoja. Inaonekana ya kisomi, lakini bomba la kulia mara nyingi limebonyezwa ili kupisha gia za mbele, kwa hiyo mabomba mawili hayana uimara sawa. Lililo dhaifu litakwenda milimita 4 na mwenzake hatasogea kabisa. Rula itasoma 130, utashangilia, na gurudumu litakaa kombo.

Dawa ya kuhakikisha ni uzi. Funga uzi kwenye mdomo wa kushoto, upeleke mbele ukazunguke bomba la usukani, urudishe hadi mdomo wa kulia, uukaze. Sasa pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vikilingana, uko sawa. Vikitofautiana, unajua upande upi wa kurekebisha. Kipimo hiki kifanye kabla hujaanza pia, kwa sababu fremu ya mtumba inaweza kuwa imefika ikiwa imepinda tayari. Yangu ilikuwa imepinda milimita moja, sijui nani aliianguka nayo huko Japani.

Jambo moja dogo linabaki. Ukisogeza mabomba, midomo nayo inageuka kidogo, chini ya nusu digrii kila mmoja. Ekseli haijali sana. Deraila inajali, hasa kama leva zako ni za kubofya, kwa hiyo mwombe fundi mwenye kifaa cha kunyooshea aangalie pale deraila inaponing'inia. Na kama fremu yako ni ya 120, safari ya kwenda 130 ni milimita 5 kila upande. Hapo usitanue kwa mikono tu na kuacha, ikunje sawasawa, na angalia viungo vya yale mabomba madogo ya katikati kama havijapasuka rangi. Rangi iliyopasuka kwenye kiungo ni dalili ya ufa chini yake mpaka uthibitishe vinginevyo.

Aluminiamu, na hapa nitakuwa mkali

Ukirudia hesabu kwa aluminiamu utapata jibu la kupotosha. E yake ni 70,000, theluthi ya chuma, kwa hiyo hata kwa bomba nene la milimita 22, kusogea milimita 2 kunaleta mkazo wa kama 29 tu. Mbona kidogo? Mtu atasema basi aluminiamu ni salama zaidi.

Hapana. Chuma kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake unaweza kukitikisa mamilioni ya mara na hakichoki. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila mtikisiko unahesabiwa, na mkazo wa kudumu ulioongeza wewe unasukuma kila mtikisiko karibu zaidi na ufa. Tena pale ilipochomelewa uimara wake umepungua, na pale ndipo mkazo ulipo mkubwa. Fremu nyingine za zamani, kama Vitus 979, hazikuchomelewa kabisa, zimeunganishwa kwa gundi, na gundi haipendi kubanduliwa kwa pembeni. Kuikunja moja kwa moja ni vibaya zaidi, maana inapasuka badala ya kupinda. Kaboni sina haja ya kueleza, tabaka zake zinaachana ndani na wewe nje huoni kitu.

Sijui ipi? Chukua sumaku. Ikinata, ni chuma.

Kwa fremu ya aluminiamu njia ni kulibadilisha gurudumu, siyo fremu. Fundi anatoa spesa za milimita 4 upande wa kushoto wa habu, anafupisha ekseli, kisha anakaza spoku ili ringi isogee milimita 2 kwenda kulia na kurudi katikati. Gharama yake ni spoku za kulia kukazwa zaidi ya zile za kushoto kuliko mwanzo. Inakubalika. Ila habu nyingi za kisasa zenye ekseli nene hazina spesa za kutoa, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Ringi, breki na gia

Hapa nitakwenda haraka. Kama baiskeli yako ilikuwa na ringi za inchi 27, kipenyo cha pale tairi linapokaa ni milimita 630. Ringi za sasa za 700C ni 622. Tofauti ya nusu kipenyo ni milimita nne (tena!), kwa hiyo vipande vya breki vinatakiwa vishuke milimita nne. Angalia kama mwanya wa breki una nafasi hiyo kabla ya kununua. Visiposhuka vitakula tairi, na tairi likipasuka mteremkoni hutakuwa na muda wa kusoma blogu. Na usichanganye na tairi la “inchi 28” la Phoenix, zile baiskeli ambazo Kenya wanaziita Black Mamba. Hilo ni 635. Jina linafanana na baadhi ya tairi za 700C, lakini halitakaa kamwe.

Kwenye gia, yote yanategemea leva. Kama ni zile za zamani za msuguano zisizobofya, hazijui kuhesabu, kwa hiyo kaseti ya gia nane itafanya kazi vizuri, na cheni mpya ya gia nane. Kama zinabofya, zimepangwa kwa umbali maalumu kati ya gia na gia: milimita 5.0 kwa gia saba, 4.8 kwa nane, 4.35 kwa tisa. Mwenye leva za gia saba anunue kaseti ya gia saba na spesa ya milimita 4.5 nyuma yake, itakaa kwenye habu ya gia nane hadi kumi ya mtindo wa Shimano. Habu ikiwa ya gia 11 ya barabara, ongeza nyingine ya 1.85. Gia kubwa kabisa ya nyuma usiipite ile ambayo deraila yako ya zamani inaiweza. Zile za mashindano nyingi huishia meno 26 au 28.

Kabla hujatoka getini, geuza baiskeli, zungusha pedali kwa mkono na upeleke cheni hadi gia kubwa ya mwisho. Kaseti mpya haikai mahali palepale pa friwili ya zamani, kwa hiyo zile skrubu mbili ndogo za deraila zinazoizuia isipite kiasi zinatakiwa zipangwe upya. Ile ya ndani ikiachwa ilivyo, deraila inaweza kuingia kwenye spoku siku ya kwanza unapopanda mlima, na hapo utapoteza deraila, gurudumu jipya, na pengine mdomo wa fremu uliohangaika kuukunja.

Safari ya kwanza utasikia spoku zinalia tik, tik kwa kilomita chache. Zinajipanga. Baada ya kilomita 50 hivi rudi kwa fundi akaangalie kama ringi bado imenyooka.